Elton: Mtafuta njia aliyepita Kitulo kabla ya msimu wa maua

KILA mwaka, mvua zinapoanza kushika kasi katika Nyanda za Juu Kusini mwishoni mwa Novemba, uwanda wa Kitulo hubadilika rangi. Majani yaliyoungua kwa baridi ya Juni hadi Agosti huchipua upya, na katikati yake hujitokeza maua ya okidi, yungiyungi, jerani na mengine mengi. Hali hiyo huendelea hadi Aprili. Wenyeji wanauita uwanda huo Bustani ya Mungu.

Wanaokwenda kuyatazama hupandia Chimala, kilomita 78 mashariki ya mji wa Mbeya, kwa barabara ya mawe iitwayo Hamsini na Saba kutokana na hesabu ya kona zake. Wakifika juu huacha gari na kutembea kwa miguu, maana maua ya Kitulo hayaonekani vizuri kutoka dirishani.

Kwa mkulima wa Mbeya, Njombe na Iringa, kutembea kutazama maua si jambo geni. Baridi inapoanza kulegea, mwezi Agosti na Septemba, huzunguka kukagua mipichi, miplamu na mitufaha yake. Mvua za kwanza zikinyesha, mkulima wa Rungwe na Mbozi huingia shambani kuona kahawa ilivyochanua. Hatazami kwa starehe peke yake. Anapiga hesabu. Maua mengi ni matumaini ya mavuno, na maua yaliyopukutishwa na mvua ya mawe ni deni.

Lakini katika ramani za zamani za Wazungu, uwanda huo haukuitwa Kitulo. Uliandikwa Uwanda wa Elton. Jina hilo ni la Mwingereza aliyeuvuka mwaka 1877 akiwa na umri wa miaka 37, ambaye wiki chache baadaye alizikwa chini ya mbuyu katika nchi ya Wagogo. Hakwenda Kitulo kutazama maua. Alikwenda kutafuta njia ya biashara, na maisha yake yanamhusu mfanyabiashara wa leo kuliko jina lake linavyoonyesha.

Askari wa vita vya watu wengine

James Frederic Elton alizaliwa Agosti 3, 1840. Baba yake alikuwa Luteni Kanali katika jeshi la Waingereza la Bengal, huko India. Mwaka 1857, wakati askari wa Kihindi walipoasi utawala wa Waingereza, kijana Elton aliingia katika jeshi hilo hilo. Alikuwamo katika vikosi vilivyopelekwa kuwaokoa Waingereza Delhi na Lucknow, na baadaye akawa msaidizi wa mkuu wa majeshi, Sir Hugh Rose, kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1860 alijitolea kwenda vitani China, ambako alishuhudia kutekwa kwa mji wa Peking. Alirudi na nishani za kampeni zote mbili. Muda mfupi baada ya kupata cheo cha kapteni aliacha jeshi la nchi yake, na mwaka 1866 alijiunga na majeshi ya Ufaransa huko Mexico. Wafaransa walikuwa wamemweka madarakani Mfalme Maximilian, ambaye wananchi wengi wa Mexico hawakumtaka. Jaribio hilo lilishindwa, na Maximilian alipigwa risasi mwaka 1867. Mwaka huo huo Elton alichapisha kitabu mjini London kuhusu aliyoyaona vitani.

Hivyo basi, kabla ya kufikisha miaka 27, Elton alikwishashiriki vita katika nchi tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kwake. Ni vyema kulisema hilo wazi. Hakuwa mtu wa pembeni katika ukoloni. Alikuwa mtumishi wake, na kazi aliyoifanya baadaye Afrika Mashariki ililipwa na serikali iliyokuwa na maslahi yake yenyewe.

Limpopo na dhahabu

Mwaka 1868 alihamia Natal, kusini mwa Afrika. Huko ndiko alikojifunza kazi iliyomletea sifa, yaani kutembea nchi isiyo na ramani, kupima, kuandika na kurudi na taarifa inayoweza kutumiwa. Mwaka 1870 alifunga safari ndefu kutoka machimbo ya dhahabu ya Tati hadi Mto Limpopo unapoingia baharini. Taarifa ya safari hiyo, pamoja na ramani aliyoichora, ilichapishwa katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London.

Mwaka uliofuata alitumwa kuandika taarifa kuhusu machimbo ya dhahabu na almasi. Mwaka 1872 alikuwa wakala wa serikali katika mpaka wa nchi ya Wazulu, lakini baada ya miezi michache homa kali ilimrudisha Natal. Alipopata nafuu alipewa kazi ya kuwa mlinzi wa vibarua Waafrika waliotoka nje ya koloni kuja kufanya kazi, na akaingia katika mabaraza ya utawala na ya kutunga sheria.

Kazi ya ofisini hata hivyo haikumkaa. Mwaka 1873 aliondoka Natal akiwa na majukumu matatu mkononi. La kwanza lilikuwa kuzungumza na Gavana Mkuu wa Msumbiji na Sultani wa Zanzibar kuhusu kutandaza waya wa simu ya maandishi kutoka Aden. La pili lilikuwa kuchunguza habari za vibarua waliokuwa wakisafirishwa kutoka ghuba ya Delagoa, ambako leo ni Maputo. La tatu lilikuwa kukutana Zanzibar na Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa kushughulikia biashara ya watumwa.

Karafuu, kimbunga na watumwa

Elton alifika Zanzibar katika mwaka mgumu. Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Kila anayefahamu soko anajua kinachofuata. Karafuu ikawa adimu, bei ikapanda, na wenye mashamba Pemba wakataka watu wengi zaidi wa kuchuma.

Karafuu si tunda. Ni ua changa, linalochumwa kabla halijachanua na kuanikwa juani. Likichelewa likachanua, thamani yake hushuka. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchuma haisubiri, inahitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Katika miaka hiyo mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, na wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakiteremshwa kwa miguu hadi bandari ya Kilwa.

Juni 5, 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mwaka huo huo Frere alimteua Elton kuwa naibu konseli hapo Zanzibar, amsaidie konseli Dk. John Kirk kuhakikisha mkataba unafuatwa.

Mwishoni mwa mwaka 1873 Elton alitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa kwa njia ya nchi kavu. Moja ya kazi zake ilikuwa kuwaachia huru watumwa waliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Kwenye njia hiyo alikutana na jambo ambalo ofisi za Zanzibar hazikuweza kuliona. Misafara ya watumwa haikuwa imekoma. Ilikuwa imebadili njia tu. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara waliwapeleka watu kaskazini kwa miguu kando ya pwani, ili wakavushwe kwa siri kwenda Pemba.

Elton alifanya alichokizoea, alihesabu. Katika muda wa mwezi mmoja hivi, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, hesabu yake ilifika zaidi ya watumwa 4,000 waliopita katika njia hiyo kutoka Kilwa. Taarifa za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba mkataba wa baharini peke yake hautoshi. Mwaka 1876 Barghash alitoa matangazo mengine ya kupiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Taarifa ya safari hiyo haikuzungumzia watumwa peke yao. Elton aliandika pia kuhusu sandarusi na mpira wa porini. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini, ambao wakazi wa pwani waliuchimba na kuuza kwa wenye viwanda vya rangi na vanishi wa Ulaya na Marekani. Mpira ulitokana na utomvu wa mitoria, mimea itambaayo ya msituni. Kwake mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Iwapo mtu wa bara atakuwa na kitu kingine cha kuuza na njia ya kukifikisha sokoni, biashara ya watu itakosa nguvu. Iwapo hana, amri itahamisha misafara tu kutoka njia moja kwenda nyingine.

Konseli wa Msumbiji

Machi 1875 Elton alipandishwa cheo kuwa konseli wa Uingereza katika eneo la Wareno, makao yake yakiwa kisiwa cha Msumbiji. Kwa miaka miwili alikuwa mtu wa safari, kwa bahari na kwa nchi kavu, akifuatilia majahazi na misafara ya watumwa. Alifika kusini hadi ghuba ya Delagoa, na baharini hadi Shelisheli na Madagaska.

Mwanzoni mwa mwaka 1877 aliingia bara, katika nchi ya Wamakua, akarudi pwani, kisha akapanda tena kuelekea kaskazini hadi Mto Lurio na rasi ya Delgado. Kila mahali swali lilikuwa lile lile: watumwa wanatoka wapi? Jibu nalo halikubadilika sana. Sehemu kubwa walitoka Ziwa Nyasa.

Njia ya Ziwa Nyasa

Julai 1877 aliondoka Msumbiji kwenda kwenye chanzo chenyewe. Mpango wake ulikuwa kupanda Mto Zambezi na Mto Shire hadi ziwani, kuwatembelea machifu waliohusika na biashara ya watumwa, kulizunguka ziwa, kisha kutoka upande wa kaskazini kwa miguu hadi Kilwa. Alitaka kujua kama njia hiyo ya kaskazini inaweza kupitisha bidhaa halali. Alitarajia kufika Zanzibar Novemba au mwanzoni mwa Desemba.

Ziwani alikuta kazi ikiwa imekwishaanza. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa Huru la Scotland walikuwa wamefika na meli ndogo ya moshi iitwayo Ilala. Meli hiyo ilisafirishwa vipande vipande, na wapagazi waliibeba kupita maporomoko ya Mto Shire kabla ya kuunganishwa tena. Vilevile alikuwako Henry Bernard Cotterill, mwalimu wa Kiingereza aliyeacha darasa na kuja na mashua yake kujaribu kufanya biashara halali na wakazi wa ziwani.

Msafara ukawa wa Wazungu watano: Elton, Cotterill, Herbert Rhodes, ambaye alikuwa kaka wa Cecil Rhodes aliyekuja kuwa maarufu, na wengine wawili, Hoste na Downie. Pamoja nao walikuwako wapagazi Waafrika, ambao kama kawaida ya vitabu vya wakati ule majina yao hayakupewa nafasi, ingawa bila mabega yao safari isingekwenda hata siku moja. Meli ya Ilala iliwafikisha kaskazini mwa ziwa.

Kazi ya ziwani ilikwenda vizuri. Matatizo yalianza walipoacha maji.

Kupanda uwanda

Nchi waliyoshukia ilikuwa ya Wanyakyusa, yenye migomba, ng'ombe na maji mengi. Mbele yao ilisimama milima. Wageni waliofika ziwani miaka miwili kabla walikuwa wameipa jina la Livingstone, ingawa Wakinga na Wawanji waliokuwa wakiishi humo walikuwa na majina yao tangu zamani.

Njia ya moja kwa moja kuelekea mashariki ilikuwa imefungwa na vita. Katika miaka hiyo Wasangu wa Mtemi Merere walikuwa wakipambana na Wahehe, ambao nguvu zao zilikuwa zikikua. Chakula kilikuwa haba njiani, na wapagazi hawakupatikana kirahisi, maana hakuna mtu anayependa kubeba mzigo wa mgeni kuingia vitani. Elton akalazimika kuacha njia ya Kilwa na kupanda milima kuelekea kaskazini.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye uwanda unaoitwa leo Kitulo. Uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Kwa mtu aliyetoka katika joto la Zambezi na ziwani, palikuwa mahali pengine kabisa: upepo wa baridi, nyasi fupi, vijito visivyokauka na udongo mweusi wa volkano. Elton alivutiwa na nchi hiyo ya juu.

Alipita katika miezi ya mwisho ya mwaka, mvua zikiwa zinakaribia. Msimu wenyewe wa maua ulikuwa bado mbele. Kama angepita Januari au Februari, angekuta uwanda umejaa okidi. Aliona malisho, maji na njia. Kilichokuwa ardhini kikisubiri mvua hakukiona.

Kutoka uwandani waliteremka Usangu. Huko vita viliwachelewesha tena, na safari iliyopangwa kuisha Novemba ikawa bado iko mbali na pwani. Badala ya kwenda mashariki ilibidi waendelee kaskazini hadi Ugogo, wakaitafute njia kuu ya misafara inayotoka Tabora kwenda pwani.

Mbuyu wa Usekhe

Waliomfahamu Elton walimsifu kwa moyo wake wa kutokata tamaa, na katika safari hii aliendelea hivyo karibu hadi mwisho. Lakini mwili uliokwisha kuugua homa kali Natal mwaka 1872 ulikuwa umechoka. Jua, njaa na mwendo mrefu vilimmaliza wakati sehemu mbaya zaidi ya safari ilikuwa imekwishapita.

Desemba 19, 1877 alifariki kwa homa katika eneo la Usekhe, Ugogo. Wenzake wanne walimzika chini ya mbuyu mkubwa unaotazama tambarare, wakachonga herufi za jina lake kwenye gome na kusimika msalaba wa mti. Kisha waliendelea na safari hadi pwani. Katika wiki hizo hizo, kule juu Kitulo, mvua zilikuwa zikifungua msimu wa maua.

Cotterill alikusanya shajara za marehemu na kuzitengeneza kuwa kitabu, kilichochapishwa London mwaka 1879. Kitabu hicho ndicho kilichoufanya uwanda ujulikane Ulaya, na wachora ramani wakauandika kwa jina la Elton.

Njia ya Kilwa aliyoitafuta haikutokea. Kampuni ya Waskoti iliyoundwa mwaka 1878 kufanya biashara ya ziwani ilitumia njia ya Mto Shire. Miaka ya 1880 nchi yenyewe ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mzigo wa bara ulipata njia kubwa ya kupita karibu na uwanda huo karibu miaka 100 baada ya kifo chake, pale barabara kuu ya Tanzania na Zambia na reli ya Tazara zilipojengwa. Malori yanayokwenda Tunduma leo hupita Chimala, chini ya ukingo wa Kitulo.

Biashara mpya ya Bustani ya Mungu

Ni katika barabara hiyo hiyo ambako swali la Elton limerudi kwa sura nyingine. Okidi za Kitulo na milima ya jirani zina viazi vidogo ardhini. Nchini Zambia viazi hivyo husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa kuwa chakula kinachopendwa sana, kiitwacho chikanda. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi walivuka mpaka. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia viliweza kufikia milioni 4 kwa mwaka.

Kwa mchimbaji ni fedha ya haraka. Hahitaji mbegu, mbolea wala dawa, anahitaji jembe na gunia. Lakini okidi inayong'olewa kabla haijatoa mbegu haiachi kitu nyuma, na mmea huo huchukua miaka kukua. Ni hadithi inayofanana na ile ya mpira wa porini aliouandikia Elton. Bei ilipokuwa nzuri, mitoria ilikatwa ovyo ili utomvu upatikane upesi, na sehemu nyingi ikatoweka. Mpira wa mashamba ya Asia ulipoingia sokoni kwa wingi na bei kuanguka mwaka 1913, aliyetegemea mpira alibaki mikono mitupu.

Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 412.9. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo okidi aina 45 zinazoota ardhini. Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa.

Hatua hiyo ilikuwa muhimu, na faida yake haiishii kwenye maua. Mito inayotoka Kitulo huingia Ziwa Nyasa na Ruaha Mkuu. Mkulima wa mpunga Usangu, na mtumiaji wa umeme wa Mtera na Kidatu, wote wanakunywa kutoka kisima hicho hicho. Hata hivyo, mpaka wa hifadhi haukumaliza biashara. Uchimbaji uliendelea nje ya hifadhi, ambako hakuna askari wa kuzuia.

Binadamu na kiazi cha ua havilinganishwi, na hakuna haki ya kuuweka uovu wa utumwa katika mizani moja na chikanda. Lakini somo la njia ya Kilwa la mwaka 1873 lina faida hapa. Amri peke yake huhamisha biashara. Kinachoiondoa ni mtu kuwa na kitu kingine cha kuuza, kinacholipa, na njia ya kukifikisha sokoni.

Vitu hivyo vipo katika wilaya zinazouzunguka uwanda. Kuna viazi mviringo, pareto, maziwa, asali na matunda ya nchi za baridi. Mtufaha hauzai mwaka unaopandwa, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hawezi kuambiwa asubiri miaka mitatu bila msaada wa kumvusha. Ndiyo maana ni busara kuanza na miche michache pembeni ya viazi, na kujiunga na wenzake ili mzigo utoshe gari moja na bei ijadiliwe kwa pamoja.

Kuna pia maua yenyewe, yakiwa yamesimama. Mgeni anayepanda Kitulo kati ya Desemba na Aprili anahitaji mahali pa kulala, chakula cha moto, sweta na mtu wa kumwongoza anayejua ua gani linachanua wapi. Okidi iliyong'olewa huuzwa mara moja. Iliyoachwa inaweza kumleta mgeni mwaka huu na mwaka ujao, iwapo wa kumhudumia wapo na barabara inapitika.

Ramani za leo zimerudisha jina la wenyeji, Kitulo, na jina la Elton limebaki vitabuni. Aliyepita kwa wiki chache hakupata nafasi ya kuujua uwanda katika msimu wake. Wanaouona kila mwaka, mvua zinapoanza, ni wale wanaolima miguuni pake, na hesabu ya maua yake sasa iko mikononi mwao.